Bunduki ya Mjerumani, lakini ya vita vipi?

Wana wa marehemu walikuwa watatu, na kila mmoja alikuja na bei yake. Mkubwa alisema bunduki ya baba yao ni ya mwaka 1914, ilibebwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika vita vya kwanza, na yupo mtu Arusha aliyekwisha kumtajia fedha za kutosha kununua kiwanja mjini Moshi. Wa kati alisema ni chuma chakavu, polisi waiteketeze yaishe. Kitinda mimba hakutaka kuuza wala kuteketeza. Yeye ndiye aliyekuwa akimfuata mzee nyuma, amebeba maji, nyati walipoingia mashambani. Alichotaka ni kuimiliki kwa jina lake, kihalali.

Hiyo ilikuwa 2014. Mzee alifariki 2012 akiwa na miaka tisini, na kwa kuwa silaha ya marehemu haibaki nyumbani, ilikabidhiwa kituo cha polisi isubiri mirathi. Mirathi ikakwama papo hapo. Migomba na kahawa viligawanywa bila kelele, kikabaki hicho chuma cha kilo nne kasoro, na hicho ndicho kilichowagombanisha. Niliitwa kwa sababu nilisoma Mweka, chuo cha wanyamapori, nikatumikia wanyamapori miaka mingi, na bunduki za zamani zimepita mikononi mwangu nyingi: za serikali, za wawindaji, na zile tulizowanyang'anya majangili.

Swali lao lilionekana moja: ni ya mwaka gani, na je, ni yenyewe? Niliwaambia mapema kwamba hayo ni maswali mengi kuliko wanavyodhani. Bunduki ya kuwindia iliyotumika miaka themanini ni kama nyumba ya ukoo. Msingi una mwaka wake, bati lina mwaka wake, na mlango aliuleta mjomba baada ya ule wa kwanza kuliwa na mchwa. Ukiuliza nyumba ni ya mwaka gani, lazima useme unauliza kipande kipi.

Kabla ya kuiona nilitaka kusikia habari zake. Kaka mkubwa alinisimulia kama alivyosimuliwa: mzee aliachiwa bunduki na Mjerumani "siku za vita". Juu ya mtutu kuna neno Krupp, na Krupp ndiye aliyetengeneza mizinga ya Kaiser. Tena alikuwa amesoma kwamba risasi yake, ile ya 9.3 kwa 62 (unene wa kichwa cha risasi na urefu wa ganda, kwa milimita), ilianza 1905, miaka tisa kabla ya vita. Alikuwa amejiandaa vizuri, na namheshimu kwa hilo. Ila katika hoja zake zote hapakuwa na hata moja iliyotoka kwenye bunduki yenyewe isipokuwa lile neno Krupp, na hilo ndilo lililompoteza zaidi. Kampuni ya Krupp ya Essen iliwauzia mafundi wa bunduki chuma cha mitutu, nao walikigonga jina hilo kwa fahari, kama fundi cherehani anayeacha jina la kiwanda cha kitambaa lionekane pembeni mwa suti. Krupp kwenye mtutu hakukuambii ni nani aliyeiunda bunduki, wala lini.

Hoja ya risasi nayo ni nusu ya ukweli. Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, aliibuni 9.3 kwa 62 mwaka 1905 akiwafikiria hasa wakulima na wawindaji waliokuwa wakija Afrika. Walihitaji kitu kinachoweza kumwangusha nyati, lakini kinachoingia kwenye mtambo wa kawaida wa Mauser wa 1898, yaani kile chuma kinachopokea bolti (kifungio cha nyuma kinachovutwa kwa mkono) na kushika mtutu, ili bei isifanane na zile bunduki za Kiingereza za mitutu miwili. Ilipendwa sana huku kwetu, na mpaka leo inatengenezwa. Basi risasi inakupa mwaka ambao bunduki haiwezi kuutangulia. Haikwambii imeufuata kwa miaka mingapi.

Kituoni tulipewa nusu siku. Askari mtunza ghala alikaa nasi mwanzo hadi mwisho, na yeye ndiye aliyehakikisha chemba ni tupu kabla mimi sijagusa kitu. Nilikuwa na tochi, lenzi ya kukuzia, kalipa ya kupimia unene, na bisibisi tatu nilizozinoa mwenyewe zikae sawasawa kwenye mfereji wa skrubu. Hilo la bisibisi si dogo. Skrubu za bunduki ya zamani zikiwa na vichwa vilivyochubuka, ujue imeshafunguliwa na mtu asiyejali, na hapo unaanza kushuku kila kitu kilicho ndani. Za bunduki hii mbili zilikuwa zimechubuka vibaya.

Kwa nje ilipendeza. Nyeusi, inang'aa, na hapo ndipo nilipoanza kusikitika. Mafundi wa zamani wa Ujerumani waliipa bunduki weusi wake kwa kutu ya taratibu: wanapaka dawa, chuma kinashika kutu, wanachemsha, wanasugua, kisha wanarudia siku hadi siku. Rangi inayopatikana hivyo ni tulivu, haimetameti. Hii ilikuwa na mng'ao wa kuzamishwa kwenye dawa ya moto, njia iliyoenea baadaye. Kabla ya kuzamishwa ilisuguliwa kwa mashine. Kona zilizopaswa kuwa kali kama za sanduku zilikuwa za mviringo, matundu ya skrubu yalibonyea kingoni kama visahani, na herufi za Krupp zilikuwa kama zimeandikwa kwenye sabuni iliyotumika. Mtu aliyefanya hivyo alidhani anaipendezesha. Kwa mkusanyaji wa bunduki za kale, hapo thamani imeshashuka sana, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Nilimulika tochi kwa ubavu, si kwa juu. Mwanga ukilala juu ya chuma, hata alama iliyosuguliwa huacha kivuli. Juu ya mtambo, mbele kabisa, palikuwa pamesuguliwa kuliko pengine kote. Tulikaa hapo karibu dakika ishirini, mimi na yule askari tukipokezana lenzi. Kwanza zilijitokeza herufi tatu za mwisho, ZIG. Chini yake, 1917. Upande wa kulia, vimihuri vitatu vidogo vyenye taji. Bunduki ya jeshi, basi. Mtambo wa Gewehr 98, bunduki ya kawaida ya jeshi la Ujerumani wakati huo, kutoka karakana ya serikali ya Danzig, vimihuri vile vikiwa vya wakaguzi wa jeshi la Kaiser. Ushahidi mwingine ulikuwa kwenye namba, tarakimu nne zikifuatwa na herufi ndogo. Jeshi la Ujerumani lilihesabu bunduki zake hivyo, ikifika elfu kumi kasoro moja wanaanza upya na kuongeza herufi.

Kaka mkubwa alifurahi. "Si nilisema? Ya jeshi!"

Nilimwomba atulie na mwaka ule, 1917. Vita vilipoanza Agosti 1914, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, huku kwetu walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, za risasi moja moja na baruti yenye moshi, zilizomwonyesha adui pale walipo kila walipofyatua. Bunduki mpya za muundo wa 98 ziliongezwa na meli mbili zilizopenya ulinzi wa Waingereza baharini. Ya kwanza, Rubens, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga Aprili 1915, na risasi zake nyingi zikalowa maji ya chumvi hadi zikabidi kufunguliwa na kusafishwa moja moja. Ya pili, Marie, ilitia nanga Sudi, kusini, Machi 1916. Mwezi huohuo Waingereza waliingia Moshi. Baada ya Marie hakuna meli nyingine iliyofika. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kwa njia ya anga. Chombo chao L 59, puto kubwa lenye injini, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikafika juu ya Sudan, kikaitwa kirudi. Kwa hiyo mtambo uliotengenezwa Danzig mwaka 1917 haukuwa na njia ya kumfikia askari wa Lettow-Vorbeck. Kila mlango ulikuwa umefungwa.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema neno la busara: labda iliokotwa Ulaya na mwanajeshi wa Kiingereza, akaja nayo baada ya vita. Inawezekana kabisa, na ndiyo sababu mtambo peke yake haumalizi kesi. Tulifungua skrubu mbili za chini, tukautoa mti, yaani mbao ya kitako inayobeba chuma, tukageuza mtutu.

Watu wengi hutazama juu ya bunduki, palipoandikwa kwa kuonekana. Habari ziko chini, mahali ambapo mti hufunika na msasa haufiki. Palikuwa safi kana kwamba fundi alinyanyua mkono jana. Mihuri minne mfululizo, kila mmoja taji juu ya herufi: B, U, G, N. Hii ni ya nyumba ya majaribio ya Ujerumani, ambako kila bunduki ilifyatuliwa kwa risasi yenye nguvu kupita kawaida kabla ya kuruhusiwa sokoni. U ni ya ukaguzi, G ni ya mtutu wenye mistari ya msokoto ndani, na N ni ya baruti isiyo na moshi. Kando yake, uzito wa kichwa cha risasi, gramu 18,5, mkato badala ya nukta kama wanavyoandika Wajerumani. Na mwisho, pembeni, tarakimu ndogo: 8.27.

Agosti 1927. Suhl na Zella-Mehlis, miji ya mafundi wa bunduki kule Thüringen, waligonga mwezi na mwaka wa majaribio hivyohivyo, bila maelezo. Baada ya 1918 Ujerumani ilijaa mitambo ya jeshi isiyo na kazi. Mafundi waliichukua, wakasugua nembo ya serikali, wakafunga mtutu mpya wa kuwindia na mti mwembamba, wakauza. Haikuwa ulaghai. Ilikuwa biashara ya heshima, na bunduki nyingi nzuri zilizaliwa hivyo. Hii ni mojawapo: mtambo wa 1917, bunduki ya 1927.

Sasa, nani alikuwa Tanganyika na bunduki mpya ya Kijerumani mwishoni mwa miaka ya ishirini? Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa na mali zao kuchukuliwa. Waliruhusiwa kurudi 1925, na walirudi kwa wingi, hasa upande wetu wa kaskazini. Oldeani, kule Karatu, walifungua mashamba ya kahawa kwenye mteremko uliokuwa na nyati na tembo mlangoni. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa aliyenunua 9.3 kwa 62.

Nikauliza: mzee alifanya kazi wapi ujanani? Wote watatu walijibu pamoja. Oldeani.

Jioni hiyo tulikwenda Machame kwa shangazi yao, mdogo wa mwisho wa marehemu, wakati huo akiwa na miaka themanini na nne. Nilimuuliza kaka yake aliachwaje na Mjerumani. Hakusita. Mjerumani alichukuliwa na lori la serikali, alisema, asubuhi, mke wake akilia barazani, na kaka akarudi nyumbani kwa miguu na malori ya watu bila mshahara wa miezi miwili. Shangazi mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka tisa. Hiyo ni Septemba 1939, Waingereza walipowakusanya Wajerumani wa Tanganyika na kuwaweka kizuizini. "Vita vya Hitila," akasema, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

Marehemu alizaliwa 1922. Hesabu ilikuwa mbele yao miaka yote. Mtu wa 1922 hakuachiwa kitu na yeyote mwaka 1914. Mzee hakudanganya hata neno moja. Alisema Mjerumani, alisema vita, na vyote viwili vilikuwa kweli. Wanawe walisikia "vita vya Mjerumani", na masikioni mwao hivyo ni vile vya kwanza, vya mashuleni, vya Lettow-Vorbeck. Ila bunduki hakuachiwa siku ileile. Shangazi alieleza kwamba shamba lilipewa mzungu mwingine, kaka akaitwa arudi kuwa mfuatiliaji wa nyati, bunduki ikiwa ile ile, na yule mzungu wa pili alipoondoka baada ya uhuru ndipo alipomuuzia. Leseni ya kwanza ya marehemu, ambayo shangazi aliihifadhi kwenye Biblia, ni ya 1963. Inalingana.

Leseni hiyo ndiyo iliyonipa hofu kubwa kuliko yote ya siku ile. Imeandikwa 8 mm. Mdomo wa mtutu, nilipoupima kwa kalipa kati ya mistari, ulisoma 9. Siku ya pili nilimimina salfa ya kuyeyushwa kwenye chemba ili nipate umbo lake, ikatoka ndefu ya 9.3 kwa 62 bila shaka yoyote. Aliyeandika leseni aliona Mauser, akaandika risasi ya Mauser anayoijua. Na kwenye kijisanduku cha marehemu wanawe walikuwa wamekuta risasi mbili za 8 mm, labda alizopewa na mtu. Ganda la 8 kwa 57 linakaribiana kwa unene wa nyuma na la 9.3, linaweza kuingia kwenye chemba ile na kukamatwa na bolti. Ukifyatua, ganda linaweza kupasuka kwa kuwa halikai sawasawa kwenye chemba, na gesi ikarudi usoni. Risasi zile tulizikabidhi kwa askari saa ileile.

Namba nayo ilikuwa na kasoro. Leseni ilibeba namba iliyokuwa kwenye shina la mkono wa bolti, na bolti haikuwa ya bunduki hiyo. Ilikuwa ya Gewehr 98 nyingine kabisa, imebadilishwa wakati fulani. Kwa miaka hamsini na moja karatasi za serikali zilikuwa zikielezea bolti, si bunduki. Kwa mkusanyaji, namba zisizolingana ni bei kushuka. Kwa mtu atakayeifyatua ni jambo la uhai, kwa sababu bolti ya kuazima inaweza kuacha nafasi nyuma ya ganda, nalo likavutika na kukatika. Niliandika wazi kwamba isifyatuliwe mpaka fundi mwenye leseni apime nafasi hiyo.

Matundu manne juu ya mtambo, ya kufungia darubini, nayamaliza haraka: nyuzi zake ni 48 kwa inchi, kipimo cha Kimarekani. Fundi wa Suhl wa 1927 angefunga darubini kwa kulabu zilizochongwa kwa mkono. Yametobolewa baadaye, na hayafutiki.

Ulibaki mti. Ndugu wote waliamini ni wa Kijerumani kwa jinsi ulivyokuwa mzuri. Bunduki za Suhl zilivikwa mti wa mjozi. Nilipoondoa bamba la kitakoni na kukwangua kidogo kwa ndani, ilitoka rangi ya kahawia yenye michirizi myekundu niliyoijua tangu utoto, kwa sababu kitanda cha wazazi wangu kilikuwa cha mti huo. Mninga. Ulichongwa vizuri mno, na shavu la kulalia uso limekaa upande wake sahihi, chuma kimezama kwenye mti bila mwanya hata wa karatasi. Ndani ya kitako, kwa penseli bapa ya seremala: Machame, Mei 1971.

Nilinakili maandishi yale kwenye daftari, herufi kwa herufi kama zilivyoinama, nikampelekea shangazi. Alivaa miwani, akayatazama, akasema M ile ni ya mume wake. Mti wa kwanza ulipasuka nyuma ya mtambo, kaka yake alipoanguka nayo bondeni akimkimbia nyati. Mume wake, seremala, alikaa nayo wiki tatu, akakataa malipo.

Taarifa yangu kwa msimamizi wa mirathi ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Mtambo, Danzig, 1917, umesuguliwa nembo. Mtutu, Ujerumani, umejaribiwa Agosti 1927, haujabadilishwa tangu hapo. Bolti si yake. Mti ni wa Machame, 1971. Weusi si wa kwanza. Matundu manne ya baadaye. Haikupigana vita vyovyote katika ardhi hii. Kwa soko la wakusanyaji si bunduki ya bei, na aliyeahidi kiwanja ama hakuiona chini ya mtutu, ama alitegemea kuiuza kwa mtu asiyeiona. Kaka mkubwa aliisoma mara mbili, akampigia yule mtu wa Arusha simu mbele yetu, akasoma mwaka. Upande wa pili ukasema utapiga tena.

Kipande kimoja sikukiweka kwenye hesabu ya bei, nacho ni mti wa mninga. Mkusanyaji angeuita kasoro ya kwanza. Kwa ukoo ule ndicho kitu pekee kwenye bunduki nzima kilichotengenezwa na mkono wao, na niliwaambia hivyo. Ndugu wa kati, aliyetaka iteketezwe, ndiye aliyeniomba nakala ya yale maandishi ya penseli.

Maombi ya kitinda mimba yalichukua miezi kumi na moja. Leseni mpya ilitoka na 9.3 kwa 62 na namba ya mtambo pamoja na herufi yake ndogo. Mwaka 2016, nchi nzima ilipoitwa kwenye uhakiki wa silaha, alipanga foleni na bunduki kwenye ala. Askari aligeuza mtambo kwenye mwanga, akasoma namba kwa sauti, mwenzake akaifuata kwa kidole kwenye karatasi, tarakimu nne na herufi. Akagonga muhuri, akaita anayefuata.